Choo cha Muyinga Kilivyoingia Kwenye Kongamano la Uchumi

Wageni wenye suti na tai waliwahi kusimama Gitega, ukumbi mzima, wakakipigia makofi choo.

Sikusimuliwa. Mimi ndiye niliyekiingiza ukumbini, kwa mdomo wangu.

Naitwa Vumilia. Nimekulia Tanzania, kambi ya wakimbizi, tukarudi Burundi nikiwa binti mkubwa. Kiswahili ndicho kinachonipa ugali: natafsiri mikutano.

Sasa, nchi yetu ilipata zamu ya kuongoza kongamano la uchumi la nchi jirani. Mkutano wa kwanza Gitega, na ajenda moja tu: mwenyeji ataje vipaumbele vyake vya mwaka mzima.

Wiki hiyo nilikuwa Muyinga kwa rafiki yangu Mwajuma, muuza vitenge kwenye kisoko cha mtaani kwao. Nikamkuta midomo imemkauka.

"Umefunga, dada?"

"Nifunge nini? Choo ya soko ilibomoka. Wanaume wanajificha nyuma ya ukuta. Sisi tutaenda wapi? Mi sinywi hata chai mpaka nirudi nyumbani."

Akanionyesha Yasmina, muuza ndizi, mjamzito. Jana yake alianguka kwa kiu, puu, katikati ya ndizi zake.

"Si unaenda kwa wakubwa?" Mwajuma akasema. "Uwaambie basi."

"Mimi natafsiri tu, dada. Sina langu pale."

Akaguna. Mguno ule nilisafiri nao mpaka Gitega.

Siku ikafika. Bosi wetu, Direkta Prosper, akashika kipaza sauti. Mtu wa Kifaransa kilichopigwa pasi. Kiswahili? Hatukuwahi kumsikia hata akisalimia.

Anasema Kifaransa, ananyamaza, mimi natafsiri.

Cha kwanza, umeme. Sawa.

Cha pili, barabara. Sawa.

Cha tatu, biashara kwa simu. Sawa.

Cha nne akasema: "Ushiriki wenye hadhi wa mwanamke katika biashara."

Hadhi! Nikamwona Yasmina chini na ndizi zake.

Shetani akanikonyeza. Nikasema:

"Na cha nne, vyoo vya wanawake sokoni. Mama asiyethubutu kunywa maji kutwa nzima atafanya biashara gani? Tunaanza na Muyinga."



Warundi waliozisikia lugha zote mbili wakainamisha vichwa, mabega yanatikisika.

Mara mama mmoja mjumbe kutoka Tanzania akasimama: "Hapo sasa! Hayo ndiyo maneno!"

Makofi! Ukumbi ukasimama. Direkta akainama kwa heshima, mkono kifuani.

Yule mama akaongeza: "Kikao kijacho tupelekeni Muyinga tukakione."

Ikabidi nitafsiri. Nikalainisha: wageni wanaomba kuuona mradi wa Muyinga.

Direkta akaitikia kwamba bila shaka: "Bon... bien sûr."

Wakati wa chai akaniita pembeni, kwa Kifaransa: "Madamu, Muyinga tuna mradi gani?"

"Wa hadhi, Direkta."

Akanitazama weee. "Ah bon," yaani kumbe. Akaondoka.

Nilijua kibarua kimeota nyasi.

Kumbe wapi! Wageni wameshaahidiwa, nani atakubali aibu? Haukupita muda, mafundi wakatua pale sokoni. Milango yenye komeo, maji, rangi ya bluu. Mwajuma akaanza kunywa chai saa tatu asubuhi, tena kwa makusudi, mbele ya watu.

Siku ya uzinduzi wajumbe wakaja. Yasmina akakata utepe, mtoto mgongoni. Direkta akashika kipaza sauti, nami nikasogea kutafsiri.

Akaninyooshea kiganja. "Acha, madamu. Leo pumzika."

Kwa Kiswahili!

"Ndugu zangu, mi nilizaliwa hapa hapa Muyinga. Kiswahili ni maziwa ya mama yangu."

Yampaye inka, Mungu wangu!

"Siku ile Gitega nilisikia kila neno. Nikanyamaza, juu neno lilikuwa zuri kuliko langu." Akatabasamu. Tabasamu lile sikulipenda. "Sasa kipaumbele cha nne iko na prezida wake. Huyu Vumilia alijitolea mwenyewe. Ataongoza komite ya usafi wa choo hii. Mwaka mzima!"

Makofi kuliko ya Gitega.

Mwajuma akapiga vigelegele, akanitia brashi mkononi. "Karibu kazini, prezida!"

Basi nawaandikia hapa nikiwa nimevaa buti za mpira, ndoo pembeni.

Jema likikubana kooni, liseme. Ila kama unalisemea mdomoni mwa bosi, kwanza uliza kwao ni wapi.