Mtani Aliyepewa Kiti

Ukitaka kumjua Alois, mpelekee baiskeli yenye pancha siku ya kazi, halafu umtafute Jumapili. Siku ya kazi utamkuta Mwembesongo, pembeni ya cherehani yangu, mikono myeusi kwa grisi, maneno machache. Jumapili utamkuta kavaa shati jeupe, kamera shingoni, anamnyatia kuku wa mtu uchochoroni ampige picha. Kamera yenyewe ni mtumba wa mnadani, na mkanda wake aliushona upya kwa kipande cha tyubu. Hapigi kwa biashara. Ukitaka kumlipa anaona umemtukana.

Na wala si hodari sana, niseme ukweli, maana nampenda kama kaka yangu. Mimi kwenye picha ameshanikata miguu mara nyingi mno, na kwenye harusi ya mdogo wangu alimpiga bibi harusi akiwa katikati ya chafya. Lakini ana kitu ambacho wenye kamera kubwa hawana. Anajua kusubiri. Anakaa chini, anatulia, mpaka uso wa mtu usahau kwamba unatazamwa.

Uso aliousubiri kuliko yote ulikuwa wa mama yake.

Bibi Agnes alikuwa mkulima wa nyanya huko Mlali, mjane, mtu wa rozari na mdomo mkali. Picha alizikataa maisha yake yote. Aliyokuwa nayo ni ile ya kitambulisho, na wote tunajua zinavyopigwa hizo: tazama mbele, usicheke, mwingine aje. Mwenyewe alisema humo anafanana na mtu aliyekamatwa na mbuzi wa parokia. "Nikifa msije mkaniwekea hiyo juu ya jeneza," alikuwa akisema. "Watu watashukuru nimeondoka." Tulicheka, lakini Alois alikuwa hacheki. Presha ya mama ilikuwa inapanda kila alipokwenda kupimwa, na picha ya jeneza hakuna.

Kila mwaka, mahindi yakishaingia ndani, mtaa wetu una sherehe yake. Barabara inafungwa kwa mabenchi, tarumbeta zinakuja, watu wazima wanashindana kukimbia ndani ya magunia na kuanguka mbele ya watoto wao. Mwaka ule akina mama wa Mlali nao walialikwa waje na ngoma yao. Bibi Agnes akaja nao, kwa maneno yake mwenyewe, kulinda mabegi.

Alilinda mabegi mpaka ngoma ikakolea. Ilipokolea aliniachia mimi mabegi, akafunga kanga kiunoni, akaingia uwanjani. Sijui nisemeje. Mwanamke yule alikuwa anatembea kwa kushika ukuta! Mabega yakaanza, kiuno kikafuata, na wapiga tarumbeta wakanyamaza wenyewe wampishe. Vijana walikuwa wameinua simu zao, lakini simu zote zilimfuata binti wa mbele mwenye shanga. Alois peke yake ndiye aliyepiga goti vumbini mbele ya Bibi Agnes. Mama akamwona, na badala ya kuficha uso akacheka, kinywa wazi, pengo lake lote nje.

Alois akapiga. Safari hii hakukata kitu.

Alimleta kwenye kibanda changu, akamwonyesha kwenye kile kioo kidogo cha kamera. Bibi Agnes alitazama muda mrefu. "Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, mama."

"Basi hii ndiyo ya jeneza," akasema, kisha akaomba maji ya kunywa. Alois aligeukia ukuta akajifuta macho, akidhani sikumwona.

Ndipo Godfrey alipofika. Godfrey ni Mnyamwezi wa Tabora, ana duka la kuchapa mabango mtaa wa pili, na alikuwa mtani wa Alois, Mluguru wa Mlali. Tangu ahamie Morogoro haikupita siku bila kutukanana. Godfrey akipita anauliza kama ule mguu mfupi wa kulimia mlimani umepona. Alois anamwambia mpagazi ashushe mzigo apumzike. Godfrey aliwahi kumchinja jogoo wa Alois na kumkaribisha mwenyewe aje kula. Alois naye aliwahi kutangaza kwamba Godfrey amefariki, watu wakaenda na mikeka wakamkuta anakunywa chai. Walipendana namna hiyo. Mtoto wa Alois alipolazwa, aliyekaa naye wodini kumpokea mama yake zamu ni Godfrey huyo huyo, ndiyo maana yaliyofuata yananiuma.

Siku ile alimvua Alois kamera shingoni, akafungua kijimlango cha chini, akachomoa kadi ya picha na kuiinua juu. "Jamani! Nimemkamata Mluguru! Hii ni mateka yangu!"

Watu wakashangilia. Na Alois, kwa furaha aliyokuwa nayo, akafanya kosa ambalo ni sisi wenye watani tu tunaoweza kulifanya. Mtani akikamata kitu chako mbele za watu, humwambii acha. Unamwachia kwa mdomo wako mwenyewe, halafu unakwenda kukikomboa kwa adabu zake. Kwa hiyo Alois akainua mikono miwili, akasema kila mtu asikie, "Chukua, mtani! Ni chako! Mama na mtoto wote ni wako!"

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu, na nilipiga makofi kama wenzangu.

Baada ya sherehe alimpelekea jogoo wa kukombolea. Godfrey alimla jogoo, akasema alikuwa mgonjwa, aletewe mwingine. Tukacheka. Alois akapeleka bata. Bata naye akaliwa, na Godfrey akasema kadi imekwenda Tabora kuwasalimia wazee wake. Tukacheka tena, ila mimi kicheko kilianza kunikwama. "Usijali, Mama Faraja," Alois akaniambia huku akiziba pancha. "Unamjua Godfrey. Akichoka ataileta."

Kumbe kadi ilikuwa kazini. Bango nililiona mimi kwanza, pale njia panda, limefungwa kwenye nguzo mbili. Bibi Agnes, mkubwa kuliko mlango, anacheka na pengo lake. Juu yake maandishi mekundu: NILIKUWA SITEMBEI, SASA NACHEZA. Chini kuna namba za simu za mwuza dawa mmoja wa miti shamba, na mengine anayoyaweza, kusafisha nyota, kuongeza nguvu za kiume, na kumrudisha mume aliyetoroka. Mjane wa watu! Mume wake amelala makaburini Mlali, hajatoroka kwenda popote. Nilirudi mbio nikamwita Alois, nguo ya mteja nikaiacha kwenye cherehani.

Tulimkuta Godfrey kwenye kompyuta yake. Hakuinuka.

"Godfrey, lile bango ni nini?" Alois akauliza.

"Aa, Mluguru! Umemwona mama alivyo staa? Wewe ulikuwa unamficha, mimi nimempandisha juu."

"Nakuuliza kweli."

"Na mimi nakujibu kweli. Mteja alitaka uso wa bibi mwenye furaha, nikakumbuka ninao. Si ulisema ni wangu? Mama na mtoto? Huyu Mama Faraja si alikuwepo?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Alois akasema, "Lishushe."

"Kazi ya mteja haishushwi. Utani huo, bwana, usinune." Akafungua droo, akamrushia kadi. Ikadondoka sakafuni kati ya vipande vya karatasi, na Alois akainama kuitafuta kwa vidole vyake vyenye grisi, huku mwenzake akiendelea kubofya kompyuta. Mimi ningemzaba kibao hapo hapo. Alois alifuta kadi kwenye shati, akatoka.

Nje akaniambia, "Angeniibia ningemshtaki, dada. Angenipiga ningempiga. Huyu amepita mlango niliomfungulia mwenyewe, na amepita akijua." Alikuwa ameumia kuliko mtu aliyefiwa, maana aliyefiwa hupewa pole, na yeye mtaa mzima ulikuwa unamcheka kwa upendo. Watu walimpigia kelele kutoka kwenye bodaboda, "Alois! Mtani kakuweza!"

Kwa Waluguru mwenye kauli ya ukoo ni mjomba. Alois akapanda Mlali kwa mjomba wake Ernest, kaka wa Bibi Agnes. Mzee alisikiliza yote akiwa ameinamisha kichwa. "Mtani hashtakiwi, mpwa wangu," akasema mwishoni. "Tukimshtaki mtani leo, kesho msibani nani atatuchekesha? Halafu wewe ulisema chukua."

"Nilisema kwa utani, mjomba."

"Naye atasema alichukua kwa utani."

Shauri likaishia hapo. Bango halikuishia hapo. Jingine lilitundikwa gulioni Mlali kwenyewe, pale Bibi Agnes anapouzia nyanya. Wenzake wa jumuiya hawakumfukuza. Walimwuliza tu kwa sauti ya chini dawa ile inanywewa au inapakwa. Zamu yake ya kuongoza rozari ikawa inarukwa, wiki hii kwa sababu hii, wiki nyingine kwa sababu nyingine. Mwanzoni alijitetea, akaapa hajawahi kukanyaga kwa mganga. Lakini utajiteteaje wakati anayekushuhudia ni uso wako mwenyewe, tena unacheka? Akaacha kwenda gulioni. Nyanya zikamwozea.

Nilikwenda na Alois kumwona. Alikuwa amelala ubavu, ametazama ukuta. "Ile picha msiiweke," akasema.

"Mama, ile ni nzuri. Ile ni yako."

"Si yangu tena. Nyie wekeni ya kitambulisho."

Sisemi bango ndilo lililomwua. Presha ndiyo iliyomwua, masika yakiwa yanaanza. Ninachosema ni kwamba alikwenda bila uso wake, na aliyemnyang'anya ni mtu aliyekula bata wetu akafuta mdomo.

Siku ya mazishi, kule Mlali, juu ya jeneza iliwekwa ile ya kitambulisho, imekuzwa mpaka imefifia. Tazama mbele, usicheke. Kweli alifanana na mtu aliyekamatwa na mbuzi, na kila aliyepita kuaga aliinamisha macho haraka. Alois alisimama kando ya picha ile kama mtu anayeomba radhi kwa kila anayepita.

Na Godfrey akaja. Mtani hakosi msibani, ni wajibu wake, na nadhani alitumaini msiba utamsafisha. Alikuja amejifunga kanga, kashika fimbo, anatembea kwa kupapasa ukuta vile vile alivyotembea marehemu, kisha mabega yakaanza kucheza. "Agnes!" akapiga kelele. "Unajifanya umelala, nani atapika? Amka!" Wanawake waliolia tangu asubuhi wakaanza kutabasamu, walikuwa wanakihitaji kicheko. Kisha macho yote yakamgeukia Alois. Zamu yake sasa, amfukuze kwa ufagio, amwite mpagazi, amwulize mzigo wake kauweka wapi.

Alois akaenda kwenye turubai la wageni. Akachukua kiti cha plastiki, akakipangusa kwa kiganja, akakiweka mbele ya Godfrey.

"Karibu, Bwana Godfrey," akasema kwa upole. "Pole na safari. Karibu ukae."

Mtani hapewi kiti msibani. Mtani ananyang'anya kiti. Wanawake waliokuwa wameanza kutabasamu wakaziba midomo kwa kanga.

"Wee Mluguru," Godfrey akajaribu, "mguu mfupi umepona?"

"Umepona, nashukuru. Nyumbani hawajambo?"

Godfrey akakaa, kanga bado kiunoni. Alois mwenyewe akamletea maji, akamnawisha mikono, akampa sahani ya wali na kijiko, vyote kwa mikono miwili. Jeneza lilipobebwa, Godfrey aliinuka aende kushuka kaburini agome kutoka, kama watani wafanyavyo. Alois akamgusa kiwiko. "Wageni wanabaki huku, bwana." Aliyeshuka akawa Oscar, Mnyamwezi mwingine, dereva wa bodaboda, akaombwa na kubembelezwa mpaka akakubali kutoka, na watu wakacheka walivyotaka kucheka. Mjomba Ernest aliyaona yote. Alikuwa amesema mtani hashtakiwi. Hakusema lazima mtu abaki mtani wako.

Siku hizi bango la njia panda limepauka kwa jua, limebaki pengo na namba za simu. Kamera inaning'inia msumarini nyuma ya minyororo ya baiskeli, haina kadi. Jumapili Alois analala. Kuku wa uchochoroni wanapita salama, na mimi, niliyelalamika miaka yote kukatwa miguu, ningempa hata kichwa akate.

Godfrey bado analeta baiskeli yake. Mafundi wengine wapo, lakini anakuja kwa Alois tu, hata kama tairi ni zima. Anahudumiwa wa kwanza. Anapewa stuli. Anaambiwa asante, karibu tena. Juzi alisimama pale kwa muda mrefu, amekonda, akishika usukani ambao haukuwa na tatizo lolote.

"Alois," akasema. "Nitukane. Nitukane hata tusi moja, mbele ya Mama Faraja."

Alois alijaza upepo, akabonyeza tairi kwa kidole gumba, akaridhika. Akamgeuzia baiskeli.

"Hapana, bwana," akasema kwa adabu. "Hatujazoeana kiasi hicho."