Dirisha la Chumba cha Mama

Nyumba ya mama yangu pale Igogo imeegemea jiwe. Ukuta wa nyuma wa chumba chake ni jiwe lenyewe, kubwa kuliko nyumba. Marehemu baba, aliyekuwa fundi mwashi, alijenga kuta tatu akaona wa nne Mungu ameshaumaliza. Mchana kutwa jiwe hilo hunywa jua, jioni hulirudisha chumbani, na juu kuna bati tupu. Mimi nimekulia humo nikaona ni kawaida, mpaka mama alipoanza kuvimba miguu na presha yake ikakataa kushuka. Daktari akatuambia lile joto si la mtu wa umri wake.

Nilikuwa namalizia nyumba yangu Mkolani, ambayo nilihamia kabla haijaisha. Nikaamua kumwongezea mama chumba, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kujifanya najua, nikaapa hakuna joto litakalomfikia tena. Mimi ni mwalimu. Likizo nzima niliimalizia kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, kuanzia Buzuruga hadi mjini. Nilijifunza kwamba tofali lenye mashimo katikati huchelewesha joto, kwamba bati jeupe hurudisha jua lilikotoka, na kwamba chini ya bati unaweza kutandika blanketi lenye karatasi ya kung'aa. Niliuliza maswali mpaka wauzaji wakiniona wanajificha nyuma ya ndoo za rangi.

Lililonimaliza ni dirisha. La aluminiamu, vioo viwili, mpira mweusi umezunguka pande zote. Muuzaji aliniingiza kwenye kibanda cha maonyesho akafunga. Nje fundi alikuwa anakata nondo kwa mashine; niliziona cheche zikiruka, sauti sikuipata.

"Mwalimu, umesikia kitu?"

"Sijasikia."

"Basi ujue na joto halipiti."

Nililipia palepale, nikarudi nyumbani nimefurahi kama mtoto aliyeshonewa sare mpya.

Mama akaja. Aliweka kiganja ukutani, akakiacha hapo muda mrefu. "Kwako kuna ubaridi wa mtungi," akasema. Wiki ya pili miguu yake ikaanza kupungua. Nilijisifu shuleni mpaka wenzangu wakanichoka.

Ila kila asubuhi nilimkuta ameketi kitandani, amevaa, kitenge begani, anatazama dirisha. Pale Igogo njia ya kupandia mlimani inapita chini ya dirisha lake, dirisha la mbao ambalo baba aliliweka chini makusudi. Kila anayepita humsalimia, "Mwangaluka, mama!" Naye hujibu kutoka ndani kabla hajanawa uso, akiwajua wote kwa sauti. Akiitwa mara mbili asijibu, mpita njia huacha mzigo wake akaingia kuangalia kama yuko mzima.

"Mwanangu, huku watu hawapiti?" aliniuliza.

"Wanapita, mama."

"Mbona siwasikii?"

"Ndiyo uzuri wake huo."

Nikikumbuka jibu lile najichukia. Aliniomba niutoe ule mlundo wa vioo, niweke dirisha la mbao kama lake. Nikampa somo zima kuhusu joto, vioo na mpira, mkono ukipunga kana kwamba nimeshika chaki. Alinisikiliza kwa adabu, akasema, "Sawa." Jumamosi akaniaga kwamba anakwenda kusalimia Igogo siku mbili. Nilipoingia chumbani kwake jioni nikakuta amebeba hadi sabuni.

Siku mbili zikawa miezi. Nilimkumbuka kwa namna iliyonishangaza mtu mzima mimi: nilikikumbuka kikohozi chake cha asubuhi, na jinsi alivyopoza chai kwa kuihamisha kikombe hadi kikombe. Nilipokwenda kumwona, miguu ilikuwa imerudi kuvimba, naye anacheka na watu dirishani.

Nikamwita fundi. Nikamwambia atoe vile vioo, aweke mbao, juu yake apange matofali ya matundu, na nje aongeze kipaa kirefu cha kuzuia jua. "Mwalimu, unaharibu nyumba," alinung'unika. Chumba kilipata joto kidogo, si sana. Blanketi la darini lilifanya kazi yake, na mchana upepo wa ziwani ukapata pa kupitia. Nikampigia mama kumpa habari.

"Wapita njia wanakusalimia?" akauliza.

"Hapana," nikakiri. Nilikuwa nimekaa Mkolani miaka minne.

"Basi wakianza kukuita wewe, nitakuja. Wewe mwenyeji huitwi, mimi mgeni nitaitwa na nani?"

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, nasahihisha madaftari kwenye dirisha lile. Watu walipita wakitazama mbele. Mimi nilitabasamu kama mgombea wa udiwani, mpaka nikaona haya. Nikaanza kusalimia mimi. Wengine walishtuka.

Leo asubuhi nilikuwa nimeinamia daftari niliposikia, "Mwangaluka, jirani!" Alikuwa mama mmoja mwenye beseni la mchicha kichwani, ambaye nimemsalimia karibu mwezi mzima. Nikaitikia kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, mkono tayari umeshika simu.

"Mama, wameniita!"

Akauliza, "Umemfungulia mlango?"

Nikageuka kutazama mlango wa mbele. Ule niliununua pamoja na lile dirisha la kwanza na sikuubadilisha; ni wa vioo viwili, na mpira wake umeshika barabara. Nje, beseni la mchicha lilikuwa linakaribia kona.

"Usikate simu, mama," nikasema, nikakimbilia kitasa.