Miguu Iliyomtangulia Régina

Régina alishona nguo sokoni Kabambare kwa miaka kumi na minane, mpaka siku pikipiki iliyokuwa ikimpeleka msibani ilipoteleza kwenye tope na kumlalia. Mguu wake wa kushoto ukakatwa chini ya goti. Kidonda kilipona, lakini maumivu yalibaki pale ambapo hapakuwa tena na mguu. Vidole visivyokuwepo vilijikunja na kumchoma.

Ndugu zake wakamleta Kasongo, kwenye kituo kidogo cha mazoezi ya viungo. Alain, mtaalamu wa pale, alimfunga pajani kifaa cha kupima mwendo na kumvika miwani mizito iliyofunika macho yote. Ndani yake Régina aliona njia ya vumbi. Alipoinamisha kichwa, akaona miguu miwili ikitembea, yake. Alilia. Wiki ya pili maumivu yalikwisha.

Kisha mambo yakageuka. Kila akivua miwani, mguu wa kulia, ule wa nyama na damu, aliuona kama wa mtu mwingine, akaufunika kwa kitenge asiutazame. Mara mbili aliinuka kitandani kama mwenye miguu miwili, akaanguka. Kulikuwa na jambo jingine pia, ambalo alilificha siku kadhaa kabla ya kumuuliza Alain.

"Docta, ile miguu iko ya nani?"

"Haiko ya mutu, mama. Iko picha tu, mashine inaichora."

"Basi juu ya nini inaanza kutembea mbele, mimi sijataka bado?"

Alain hakucheka. Aliivaa miwani mwenyewe, akainamisha kichwa, akaivua. Alieleza kwamba mashine hukisia mwendo na akili ya mtu huzoea upesi, ila alisema hayo akitazama sakafu. Tangu hapo alipunguza zoezi likawa la dakika kumi, na kila baada ya zoezi alimtaka Régina apapase mguu wa kulia na kigutu cha kushoto kwa mikono miwili mpaka avitambue kuwa vyake.

Baada ya miezi minne alirudi kwao na mguu wa bandia. Anashona tena, akikanyaga cherehani kwa mguu wa kulia, na haumwi.

Ila kuna siku, alasiri, wateja wakiwa wamekaa wanangoja, mguu usiokuwepo hulowa kana kwamba umeingia mtoni. Baridi hupanda hadi kwenye kifundo, na changarawe husogea chini ya vidole. Ndani ya miwani hakukuwa na mto, ni njia ya vumbi tu. Régina husimamisha gurudumu na kusubiri, bila kumweleza mtu, mpaka mguu ukauke.