Pikapu ya Baba na Mzigo wa Sapiwi

Pikapu ya baba ilikuwa inazima ikishapata moto. Asubuhi iliwaka bila shida, ikatembea vizuri kama nusu saa, halafu ikaanza kukohoa na kufa katikati ya njia. Ukiisubiri ipoe, inawaka tena kana kwamba hakuna lililotokea.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mama alitangulia kufariki, baba akafuata. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita, na sasa nilibaki na wadogo zangu wawili, wa kiume na wa kike, katika nyumba yetu pale Bariadi.

Ilikuwa miaka ile watu binafsi waliporuhusiwa kununua pamba. Kila kijiji kikapata wanunuzi wenye mizani yao, na kila mnunuzi akawa anatafuta gari la kufikisha pamba kiwandani. Baba mkubwa akaniita.

"Gari likiwalisha msimu huu, kaeni wenyewe," alisema. "Lisipowalisha, nitawagawa. Wa kike ataenda kwa shangazi yenu Migato, wa kiume nitakaa naye mimi. Wewe umekwisha kuwa mtu mzima."

Hakusema kwa ubaya. Kwetu yatima hawaachwi wajilee.

Nikalipeleka gari kwa fundi karibu na soko.

"Koili hii," alisema. "Ikichemka inapoteza moto."

Tukafunga koili mpya. Gari likafa palepale lilipozoea. Akafungua kabureta, akaipuliza kwa mdomo mpaka macho yakamtoka. Likafa. Akaniambia nifunge kitambaa kibichi kwenye pampu ya mafuta, nikawa natembea na ndoo ya maji kama mtu anayemuuguza mwenye homa. Likafa.

"Dogo, gari lako ni kama wazee wanaokunywa pombe mnadani," fundi alicheka. "Likipata moto kidogo tu, linataka kulala."

Nilicheka naye. Sikuwa na la kufanya jingine. Majirani walisema gari linamtafuta mwenyewe aliyelinunua, na zipo siku nilikaribia kuamini.

Mnunuzi mmoja akanipa mzigo wa kutoka Sapiwi. Baba mkubwa akasema atapanda nami, aone kwa macho yake. Tulipokuwa tunarudi na pamba, gari likazima. Tukangoja, likawaka. Likazima tena. Mara ya tatu lori likatukuta, mnunuzi mwenyewe akiwa ndani, akaamuru magunia yahamishwe. Baba mkubwa alikaa kwenye kiti, kofia yake magotini, mpaka gunia la mwisho likaondoka.

"Umejitahidi, mwanangu," alisema.

Afadhali angenitukana.

Jumapili baba mkubwa alimchukua mdogo wangu wa kiume, na shangazi akaja kumchukua wa kike. Alikuwa na miaka minane.

"Ukishalitengeneza utanifuata?" aliniuliza.

"Nitakufuata."

Haikupita wiki mbili. Nilikuwa nimetumwa kupeleka mbao, gari likazima kama kawaida yake. Nikadhani petroli imekwisha. Kifuniko cha tenki kilikuwa kimepotea zamani, nami nilikuwa naziba kwa gunzi la mahindi, kama tunavyoziba vibuyu vya maziwa nyumbani. Petroli ilipoanza kumwagika kwenye makorongo, kabla gari halijaanza kuzima, nililivisha gunzi mpira wa tyubu ya baiskeli, likakaza sawasawa, nikajisifu. Siku hiyo nilipolichomoa, tenki lilivuta pumzi ndefu: fyuuu! Nikajaribu ufunguo. Injini ikawaka saa ileile, na bado ilikuwa ya moto huwezi kuigusa.

Nilisimama na gunzi mkononi. Petroli ilikuwa inatoka na hewa haiingii, mpaka pampu inashindwa kuvuta. Nikisubiri, hewa inapenya kidogo kidogo. Sote tulikuwa tunalaumu joto, na aliyeziba ni mimi. Nikalitoboa gunzi kwa msumari.

Kesho yake nilikwenda Migato bila kusimama njiani.

"Mwadila, mwanangu," shangazi alinisalimu kwa Kisukuma. "Umekuja kutusalimia?"

"Nimekuja kumchukua mdogo wangu. Gari limepona."

"Mtoto si pamba, upakie, ushushe, upakie tena. Nimeshamwandikisha shule. Na msimu wenyewe umekwisha. Mtakula gari?"

Wanunuzi walikuwa wamefunga mizani, nami nyumbani nilikuwa nakula mara moja kwa siku.

Mdogo wangu alikuwa amekwisha kupanda gari. Alikaa upande wa dereva, kichwa kimepakwa mafuta kinang'aa, shingo imenenepa kidogo.

"Limepona?"

"Limepona."

"Basi twende."

Shangazi hakuondoka mlangoni kwake, wala hakumwita. Aliniachia mimi. Nilifungua mlango wa gari nikamwambia ashuke. Akashika usukani kwa mikono yote miwili, bila kulia, akiangalia mbele. Nikaanza kumbandua vidole, kimoja kimoja.