Vipepeo Aliowaleta Solange

Ninyi vijana mnaokusanya watoto wakati wa likizo ya Pasaka, mmeniomba niwaandikie namna ninavyokunja maua na vipepeo vya karatasi. Nitaandika. Lakini mimi si mwalimu, shule niliiacha mapema, na siwezi kuwaambia habari ya kipepeo nikaacha ile iliyo nyuma yake. Basi msome mpaka mwisho.

Ua ndilo rahisi, muanze nalo. Chukua karatasi yoyote, hata ya daftari lililokwisha kuandikwa, hata ya kalenda ya mwaka uliopita. Kunja pembe moja mpaka ukingo wake ulale juu ya ukingo wa pili. Kipande kinachobaki kipasue, sasa una karatasi yenye pande zote sawa. Ikunje pembe kwa pembe, iwe kama kitambaa cha kichwa. Pembe ya kulia ipandishe juu, ya kushoto nayo ipandishe, zote zipishane kidogo na ile ya katikati. Hilo ni ua. Litie kijiti, kazi imekwisha.

Kipepeo anataka subira zaidi. Karatasi ikunje mbele, igeuze, ikunje nyuma, mikunjo myembamba kama kidole cha mtoto, mpaka iishe. Ibane kiunoni, funga uzi wa gunia, kisha fungua mabawa pande zote mbili. Na wewe mkubwa usimpokonye mtoto karatasi ukamkunjia. Mwache akosee. Karatasi si unga, haimwagiki.

Sasa habari yenyewe.

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, katika ile miaka ya mwisho ya tisini. Nilikuwa bado mama kijana, na tulikaa Gisenyi, si mbali na Petite Barrière, pale watu wanapovukia mpaka kwenda Goma. Ninyi hamkuijua miaka ile, na namshukuru Mungu kwa hilo. Milio ya bunduki ilikuwa inasikika huko milimani. Mume wangu alivua usiku sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, na kila kulipokucha nilisimama karibu na mlango nikingoja kusikia kikohozi chake. Nikikisikia, ndipo naweka maji ya chai motoni. Siku alipochelewa nilifagia mahali pale pale mpaka ufagio ukachimba ardhi.

Watoto wangu wawili, Solange na mdogo wake Kezia, sikuwaruhusu kutoka nje ya ua wa nyumba. Na mtoto aliyefungiwa, mwanangu, atakuvunjia nyumba. Ndiyo maana niliwafundisha kukunja. Mvua ilikuwa imerudisha maua kila mahali, mpaka kwenye nyufa za mawe, na wao walikunja kila walichokiona kupitia uzio: maua, ndege, vipepeo. Uzi wa vipepeo ulipita kutoka dirisha mpaka mlango. Nilikuwa nikiwatazama wameinamisha vichwa, wako kimya, na moyo wangu unapoa kidogo.

Kukazuka ugomvi kati yao. Solange alisema kipepeo akitua anafunga mabawa, Kezia akasema anayafungua. Walibishana siku nzima. Wale wa uani kwetu hawakutoa jibu, maana ukisogea tu wanaruka.

Asubuhi hiyo ninayoisema, mume wangu alikuwa amerudi salama, amelala. Mimi napepeta mchele. Mama mkwe wangu, ambaye watoto walimwita Nyogokuru, yaani bibi, alikuwa anapukuchua maharage. Yeye alizaliwa upande wa Goma, kwenye mawe meusi ya volkano. Mimi nilizaliwa mahali paitwapo Nyundo, kwetu ardhi ni ya kulima tu. Jirani yetu Mama Safi alikuwa amepita kutusalimia kabla hajavuka mpaka na nyanya zake za kuuza.

Solange akaingia. Sikuwa hata najua ametoka. Alikuwa ameshika sketi yake kwa mbele, na ndani yake mna vipepeo, wa njano, weupe, wengine weusi wenye madoa ya buluu. Wazima wote. Hakuna bawa lililochanika. Nilisahau kwamba nilipaswa kumgombeza. Nikamwambia wewe mtoto una mikono ya ajabu, njoo nione, na nikaanza kuwapanga juu ya ungo mmoja mmoja.

Mama Safi akacheka. "We Solange, uliwanywesha pombe ya ndizi? Mbona wamelala hivi?"

Tukacheka. Nyogokuru hakucheka. Aliweka maharage chini, akaja, akachukua kipepeo mmoja, akampulizia. Hakutikisika. Akamtazama Solange, akamuuliza kwa Kiswahili cha Goma alikowatoa.

"Umevitosha wapi?"

"Kule ku mawe, Nyogokuru. Ku shimo. Iko mingi, imelala tu chini."

"Kezia iko wapi?"

"Amebakia. Anasema kichwa inamuluma, amekaa kwanza."

Nyogokuru alikuwa mzee wa magoti mabovu, anayeomba mkono ili asimame. Siku hiyo alitoka mbio mbele yangu na Mama Safi.

Mniruhusu niwaeleze, kwa sababu wengine mmetoka mbali. Katika mawe ya volkano ya huku kuna mashimo ambamo hewa mbaya hutoka ardhini. Watu wanaiita mazuku. Huioni, na mara nyingi hata puani huisikii. Ni nzito, inatulia chini ya shimo kama maji kwenye beseni, hasa asubuhi, kabla upepo haujaamka. Mtu mzima akisimama anaweza kuona hakuna kitu. Mtoto, kwa kuwa ni mfupi, ndiye anayezama ndani yake. Solange aliokoka kwa kuwa alikuwa mrefu kidogo na hakukaa chini. Na chochote kinachotua mle hakiinuki tena. Ndiyo maana vipepeo walikuwa wengi na wazuri vile. Sisi tulikuwa tunatega masikio milimani siku zote, na kifo kilikuwa nyuma ya uzio wetu, mahali penye majani mabichi kuliko pote.

Tulimkuta Kezia amekaa chini ya shimo, mgongo kwenye jiwe, kichwa kimeanguka kifuani, kana kwamba bado anakunja karatasi. Nilimwita. Hakujibu. Nikajitupa. Nyogokuru akanidaka kwa kitenge, na mkono wake wa pili ukanipiga shavuni. Hajawahi kunipiga kabla wala baada.

"Ukishuka hivyo nitalia watu wawili," alisema. "Sikia. Vuta pumzi huku juu. Ifunge. Ukiwa chini usipumue, usimwite, usilie. Umushike nguo, tukuvute."

Alinifunga kitenge chake kiunoni kwa mafundo ambayo sijui mikono ile iliyatoa wapi. Yeye na Mama Safi wakashika ncha. Nikavuta pumzi, nikashuka. Mwanangu, hakuna kazi ngumu kama kumkaribia mtoto wako usimwite jina. Nilimshika gauni mgongoni. Kifua kiliwaka, masikio yakavuma. Nikahisi kitenge kinanikata tumbo, nikaliona jua, nikafungua kinywa.

Tulimkimbiza mpaka barabarani juu, panapopiga upepo wa ziwa. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Nyogokuru alimlaza ubavu, akamfungua vifungo, akawa anamsugua mgongo na kumsemesha Kinyarwanda polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto alale, ila yeye alikuwa anamwomba aamke. Mama Safi alisali kwa sauti, nyanya zake ameziacha kwetu zinaliwa na kuku. Mimi sikusali. Nilitazama tumbo lile dogo kama lingepanda.

Likapanda. Akakohoa, akatapika, akalia. Sijasikia wimbo mzuri kuliko kilio kile. Tulimpeleka kwenye kituo cha afya, wakamlaza mpaka alasiri, na kichwa kilimsumbua muda mrefu baadaye. Lakini aliishi. Ndiye huyo mnayemwita Mama Divine, anayewapikia uji mkitoka kanisani.

Nilipomrudisha Kezia nyumbani nilitaka kumchapa Solange. Nyogokuru akasimama kati yetu. Hakupaza sauti. Alisema, "Huyu aliona vipepeo. Wewe uliona vipepeo pia. Yeye ana haki, iko mutoto. Wewe ulimusifu kwanza, mbele ya kumuuliza." Kisha akarudi kwenye maharage yake.

Basi ninyi mnaofundisha, nasaha yangu ni hii. Mfundisheni mtoto kukunja, ni jambo jema, linamtuliza na kumpa macho ya kutazama. Lakini jueni kwamba mtoto akipenda kitu cha karatasi ataenda kukitafuta kile cha kweli. Chura wa karatasi atampeleka mtoni, ua litampeleka kwenye shamba la watu. Kwa hiyo nendeni naye, mtangulie, mtazame pale ambapo yeye anataka kuinama. Shimo lenye ndege au wadudu waliokufa, msishuke hata kama mna nguvu. Itaneni, piteni mbali. Na mkikuta mtoto ana kitu kizuri kupita kawaida, ogopeni kidogo kwanza. Woga huo si aibu.

Mungu awape mikono myepesi na macho yasiyosinzia. Awape masika ya maua, na kila mtoto mnayemtoa kwao asubuhi arudi mwenyewe, kwa miguu yake.

Nami jioni ile nilisimama mlangoni, nikawapa wote, mume wangu akiwemo, amri ambayo inashika mpaka leo: mtoto akiingia na kitu mkononi, asiwepo wa kucheka, wa kusifu wala wa kukigusa, mpaka aseme amekitoa wapi, na nani amebaki huko.