Volti Kumi na Mbili kwa Miguu ya Nani

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuipima jenereta ya baiskeli kwa miguu yangu peke yangu.

Nilikuwa nimeiunda katika stoo ya mahindi, nyumbani kwetu karibu na Merigi, kwa kufuata video za simu. Gurudumu la nyuma liliinuliwa juu ya fremu ya mbao, na mkanda ukalizunguka hadi kwenye mota niliyoitoa kwenye mashine kuukuu ya kukimbilia ndani ya nyumba. Kaka yangu mkubwa, ambaye hukimbia mbio za nyika na kupita mashamba ya majani chai kabla wachumaji hawajaingia, hakuamini kuwa mashine ya kukimbilia ndani iliwahi kuundwa.

"Kwani barabara ilikosa nini?" aliuliza.

Mota kama hiyo ukiizungusha inatoa umeme, na ukiongeza mwendo volti zinapanda. Nikikanyaga polepole mita ya volti ilisoma sita, na balbu nilizoziunganisha zikawa nyekundu kama makaa yanayozimika. Kwa mwendo wangu wa kawaida ilisoma kumi na mbili, na hizo ndizo zilizotakiwa na balbu. Nilipima mara arobaini. Nilichora grafu, wino ukaichafua, nikaichora upya. Grafu iliishia kumi na tatu kwa sababu miguu yangu iliishia hapo. Sikuandika hivyo. Niliandika "mwisho".

Jenereta ilikuwa ya akiba, stima ikipotea. Kazi yake ilikuwa kuwasha balbu tatu za pikipiki ndani ya sanduku la kutotolea vifaranga, ambalo pia nililiunda mwenyewe. Ndani yake kulikuwa na mayai ishirini na manne ya mama. Kabla ya hapo yalikuwa chini ya kuku wake wawili.

"Kuku huamka kwenda kula," nilikuwa nimemwambia. "Sanduku haliamki."

Akawatoa kuku.

Siku ya kumi na nane mti uliangukia nyaya za stima asubuhi. Nilikanyaga karibu saa nzima, miguu ikakataa. Kaka yangu alikuwa ndiyo kwanza ametoka mazoezini. Nikamwomba anipokee, nikamwambia akanyage vizuri. Hilo ndilo neno nililotumia.

Mita ilipita kumi na tatu. Ikasoma kumi na tano, kumi na saba. Balbu zikawa nyeupe.

"Punguza," nikasema.

"Bado napasha mwili."

Balbu moja ikaungua. Hapo nikajifunza jambo ambalo sikuliona kwenye video yoyote. Balbu ikiungua, mzigo wa mota unapungua, pedali zinakuwa nyepesi, miguu inaongeza kasi, volti zinapanda tena, na balbu inayofuata inaungua upesi zaidi.

"Sasa naona nimeanza kuizoea," kaka akasema. Ya pili ikaungua. Nikashika breki.

Mama aliingia akiwa na gambuti za zizini.

"Mayai yamepoa?"

"Bado."

"Bado mpaka lini?"

Nililifunika sanduku kwa blanketi langu, nikakimbia kwa jirani yetu, mtu wa kutoka upande wa ziwa anayefanya kazi kiwanda cha chai. Alinichomolea balbu mbili za indiketa kwenye pikipiki yake.

"Leo kwenye kona nitanyoosha mkono kama mtu wa baiskeli," alisema. "Wakinicheka kazini, nitawatuma kwako."

Niliporudi, mama alikuwa ameshapanda baiskeli. Nilipofunga balbu akaanza kukanyaga akiimba wimbo wa kwaya yao, ule unaokokotwa. Mita ikasoma kumi na mbili na kitu kidogo, ikabaki hapo. Hakuiangalia hata mara moja. Nilimwambia asibadilishe chochote. Akasema hakujua kuna kitu cha kubadilisha.

Alipochoka alimpa kaka baiskeli, yeye akaendelea kuimba amekaa juu ya gunia.

"Wewe mkimbiaji, fuata wimbo," akamwambia. "Ukimaliza ubeti kabla yangu, shuka."

Kaka hakushuka. Tulipokezana hadi saa kumi jioni, stima iliporudi.

Baada ya siku tatu vifaranga kumi na wanne walitoka. Yale mayai kumi mengine niliyapasua yote ili nijue yalikufa kabla ya kosa langu au baada yake. Sikuweza kujua. Mama alinikuta nayo, akaniambia nikazike, nikazika.

Tangu wakati huo nimeweka betri na kidhibiti cha volti kati ya pedali na balbu. Grafu yangu ina mistari minne, kila mmoja wa miguu ya mtu tofauti, jirani akiwamo, na hakuna mahali palipoandikwa "mwisho". Mama hutia nusu ya mayai sandukuni. Nusu nyingine huwaachia kuku.