Paka wa Dukani na Dawa ya Mume Wangu

Paka hakuwa wangu. Alikuwa wa mama jirani, mfanyabiashara kutoka Butembo, mwenye duka la unga na chumvi pale Muheto, ukuta kwa ukuta na nyumba yangu. Magoti yalipomshinda, watoto wake walimwita arudi kwao. Lori lilikuwa tayari linanguruma alipoingia kwangu na paka ndani ya kikapu.

"Mama, huyu amezeeka, hataweza njia. Ubakie naye," aliniambia. "Hana matata. Iko anakunywa tu mayi sana."

Nilikuwa nimemzika mume wangu si muda mrefu, na nyumba ilikuwa kimya mno. Nikampokea.

Haikuchukua muda nikaona. Alimaliza bakuli la maji, akaenda kunywa kwenye ndoo. Alikula vizuri, lakini mgongo wake ukashikika mfupa kwa mfupa. Akikojoa kwenye kona ya jiko, kabla sijafika na kitambaa sisimizi wameshafika. Siku moja niliketi pale chini nikiwatazama. Niliwajua. Mume wangu naye aliletewa habari na sisimizi, kule chooni, kabla muuguzi yeyote hajatamka neno sukari.

Daktari wa ng'ombe alikuwa akipita kwa pikipiki kwenda kwenye malisho ya juu. Nilimsimamisha. Alicheka kusikia mgonjwa ni paka, kisha akaacha kucheka. Nilimpa kipimo cha sukari cha mume wangu. Akatoboa sikio la paka, tone likatoka, akasoma. Akavuta ngozi ya shingo, ikabaki imesimama. Akanusa mdomo wake.

"Sukari iko juu sana," alisema. "Na mafigo pia yamechoka, Mama. Hayo hayaponi. Tutamusaidia tu."

Basi nikarudia kazi niliyodhani imekwisha. Kabla ya kwenda shambani, nimlishe, nimchome dawa ya sukari iliyobaki ya mume wangu. Jioni, hivyo hivyo. Dozi yenyewe ilikuwa ndogo, unaiona kwa shida ndani ya bomba la sindano. Sukari ilitaka ale nyama, mafigo yakataka asile nyingi, mimi nikasimama katikati na sambaza wachache, wale samaki wadogo wa ziwani, kutoka Sake, waliochemshwa bila chumvi. Akikataa kula, nilibaki na sindano mkononi nisijue nichome ama niache, maana dawa bila chakula ingeweza kumwua. Nilichoka. Uchovu wa jembe unalala nao, asubuhi umekwisha. Huu niliamka nao.

Ndipo wifi yangu alipofika kutoka Walikale, dada wa marehemu, kwa misa ya kumkumbuka kaka yake. Mume wake anapeleka vyakula kwenye machimbo ya Bisie, na njia ya kule ni matope matupu. Hata kwenye mazishi wifi hakuwahi kufika. Alinikuta nimembana paka katikati ya magoti.

"Unafanya nini, dada?"

"Namuchoma dawa."

"Dawa ya nani?"

Alikuwa ameshaiona chupa. "Hii njo dawa ya kaka yangu! Watu wanakufa kwa kukosa hii kitu, we unapatia paka?"

"Zile zenye hazikufunguliwa nilipeleka zote kituo cha afya," nilimwambia. "Hii ilikuwa imeshafunguliwa. Muuguzi alikataa kuipatia muntu, akasema niitupe."

"Si ungetupa!"

"Nilishindwa."

Alitoka nje akasimama kwenye maharage, mgongo kwangu. Sikumfuata. Sikuwa na nguvu ya kugombana wala ya kubembeleza. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akakaa kwenye kigoda.

"Kaka naye alikuwa anakataa sindano hivi?"

"Sana. Alikuwa anageukia ukuta, ananitukana kwa Kihunde. Nikishamaliza, anaomba chai."

Alicheka huku machozi yakimtoka. Siku hiyo sindano ya jioni, yeye ndiye aliyemshika paka.

Baada ya misa alitaka kurudi kwake, lakini njia ikafungwa, magari yakaacha kupita, akabaki. Kila asubuhi alimshika paka, mimi nikachoma, na kila asubuhi aliuliza jambo moja kuhusu kaka yake. "Miguu ilianza kuvimba lini?" "Aliniulizia?" Nilimjibu yote, hata yale mabaya. Hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza.

Halafu paka akaacha kula kabisa. Daktari alirudi, akamtia maji ya serumu chini ya ngozi, akamfundisha wifi kushika chupa juu. Paka aliinuka, akalamba mchuzi, akaanguka tena. Mara ya mwisho daktari hakufungua hata mkoba wake.

"Mama, tumuache sasa. Unamuchosha, na we pia umechoka."

Wifi alinitazama. Nikatikisa kichwa kukubali. Tulimlaza juu ya gunia mlangoni, penye jua. Kabla jua halijageuka alikuwa amekufa, mkono wangu ukiwa juu ya ubavu wake. Wifi alichukua jembe akamchimbia shimo nyuma ya jiko, peke yake, akaniambia nikae.

Majirani waliuliza kama nimelia. Nilikuwa nimelala. Wifi alipika ugali na sombe ya majani ya muhogo, akaniamsha, nikala sahani nzima. Kisha akanifunika kitenge, nikalala tena.